Chini ya Mita Elfu

Hebu mfikirieni Roswitha Reisenhofer akiingia jikoni kwa mdogo wake Jumapili mchana, koti la sare ya tramu bado mwilini, mashavu yamemwiva kwa baridi ya Januari, na kwapani amebana vijitabu viwili vyenye picha za theluji. Hakubisha hodi. Hajawahi kubisha hodi mahali anapojua kuna keki. Alivua viatu mlangoni, akavitupa vile vijitabu mezani, kati ya bakuli la unga na chupa ya mafuta ya mbegu za maboga, akavuta kiti.

"Chagua," akasema.

Mdogo wake, Notburga, ambaye tangu utotoni huitwa Burgi, alifuta mikono kwenye aproni. "Nichague nini? Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Sankt Koloman au Obergrein? Likizo ya kuteleza thelujini, wiki nzima, mwezi wa pili. Mimi na Bwana Mhandisi."

Burgi naye akakaa. Unga ukabaki umekandwa nusu. "Bwana Mhandisi yupi? Lientscher? Huyo wa ghorofa ya chini yako, mwenye vyungu vya nyanya dirishani?"

"Huyo huyo. Na ni vyumba viwili, kabla hujaanza."

"Mimi sijaanza kitu, dada. Uso wako ndio umeanza."

Roswitha alikuwa na miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia akiendesha tramu kwenye reli za mji wa Graz, kutoka kituo kikuu hadi milimani na kurudi. Abiria wake walimjua kwa kengele na kwa kipaza sauti. Kengele ilikuwa ya wanaokatiza njia bila kutazama. Kipaza sauti kilikuwa cha wengine wote. "Yule bwana mwenye kofia ya kijani," angesema, na gari zima lingegeuka, "mlango haufunguki kwa kutazamwa, bonyezeni kitufe." Alizaliwa mashariki, kwenye mashamba ya maboga, akapewa ski, mbao za kutelezea thelujini, kabla ya baiskeli. Mume alikuwepo, kisha akaondoka. Waligawana masufuria bila kugombana, na mtoto wao sasa ni mpishi mjini Linz. Si mwanamke wa kuogopa kusema. Akitaka jambo hulisema, na mara nyingi hulipata, kwa sababu watu huchoka kabla yake.

Kasoro moja tu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameshindwa kumfanya jirani yake wa ghorofa ya chini amwite "wewe".

Graz, mtu unayemheshimu, au usiyemzoea vya kutosha, humwambii "wewe". Unamwambia "ninyi", kama vile amekuja na ukoo mzima nyuma yake. Mnaendeleaje, Bibi Reisenhofer? Mmelala salama, Bwana Mhandisi? Ndivyo walivyosalimiana ngazini asubuhi na jioni. Ottokar Lientscher alikuwa mpima ardhi mstaafu mwenye cheo cha mhandisi, mjane, mrefu, mwenye tai hata akienda kutupa takataka. Alimwachia Roswitha gazeti mlangoni kila alipomaliza kulisoma. Roswitha naye alimpa nusu ya kila keki. Wakati mmoja bwana huyo alipougua mafua, Roswitha alimpelekea supu kwa wiki nzima, akamwona akiwa na pajama, nywele zimesimama kama za kifaranga, na bado ilikuwa: "Mmefanya wema mkubwa, Bibi Reisenhofer."

Lakini mlima una sheria yake. Ukivuka mita elfu moja juu ya bahari, "ninyi" inabaki bondeni. Huko juu hata jaji na msafisha mabomba ni wewe na mimi. Aliyeiweka sheria hiyo hajulikani, na anayeivunja hajaonekana.

Ndiyo maana majira mawili ya baridi yaliyopita, chama cha michezo cha watu wa tramu kilipokodi basi la kwenda kuteleza kwa siku moja, na Bwana Mhandisi akapata kiti kilichobaki, mambo yalikwenda kwa namna ya ajabu. Roswitha alikuwa kwenye kibanda cha chakula juu kabisa, mbele ya sahani ya chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa, yenye sukari na jamu ya plamu, ghafla mtu akakaa pembeni yake na uma mkononi. "Roswitha," akasema yule mtu, kama vile amelitamka jina hilo maisha yake yote, "hiyo utaimaliza peke yako?" Walikula sahani moja. Waliteleza pamoja mpaka magari ya waya ya kupandisha watu mlimani yakafungwa. Alimchekesha hadi machozi.

Kisha basi likashuka. Kona ya tatu, ya nne, na taa za kijiji cha kwanza zikaonekana. Bwana Mhandisi akainama kutoka kiti cha nyuma. "Samahani, Bibi Reisenhofer," akasema, "mmeangusha glavu."

Burgi aliijua hadithi ya glavu kwa moyo. Alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko kengele za kanisa.

"Sasa kwa nini mwaka huu?" akauliza. "Amepatwa na nini?"

"Binti yake anamtaka ahamie kwake Bregenz. Wana chumba kinachotazama ziwa. Mwisho wa mwezi wa pili ni lazima amjibu mwenye nyumba kama anabaki au anaondoka. Juzi kanisimamisha ngazini na hivi vijitabu. 'Kabla sijaamua,' anasema, 'ningependa kuteleza wiki moja na mtu mwenye busara. Amueni ninyi mahali.'"

"Mtu mwenye busara! Mungu wangu, mapenzi haya." Burgi alivuta kijitabu cha Obergrein, akakifungua kwa kidole chenye unga. "Sasa hapa kuna la kufikiria nini? Obergrein hoteli yenyewe iko juu ya mita elfu moja na mia sita. Unaelewa maana yake? Kifungua kinywa ni wewe. Supu ni wewe. Ukimgongea ukuta kwa mswaki ni wewe. Wiki nzima! Sankt Koloman iko bondeni, mtateleza kwa wewe na kula kwa ninyi. Hata ng'ombe angechagua."

"Ng'ombe hatelezi."

"Ndiyo maana ana akili."

Roswitha alicheka, akala keki, akakubali. Obergrein. Alirudi nyumbani na neno hilo mdomoni tayari kama sarafu ya mashine ya kahawa.

Alimkuta Bwana Mhandisi ngazini, ameshika kopo la kumwagilia.

"Mmeamua, Bibi Reisenhofer?"

"Karibu. Kwanza niambieni ninyi mngependa wapi."

"Obergrein," akajibu, haraka mno, kisha akakohoa. "Yaani, nimetazama ramani. Kuko juu. Kule juu mambo huwa... huwa mepesi."

Moyo wa Roswitha uliruka. Kumbe na yeye alihesabu! Lakini mwanamke huyu ameendesha tramu miaka mingi, na macho yake yamezoea kutazama kituo kinachofuata.

"Na tukirudi?" akauliza.

Bwana Mhandisi alizitazama nyanya zake, ambazo wakati huo wa mwaka zilikuwa vijiti vikavu kwenye vyungu. "Tukirudi, Bibi Reisenhofer, tutakuwa tumerudi. Ngazi ni ngazi."

"Basi ni Sankt Koloman."

"Lakini Sankt Koloman iko bondeni kabisa!"

"Naijua iliko, nimeanza kwenda nikiwa msichana. Mbona mmeshtuka? Hewa ya chini inawasumbua kifua?"

Burgi alipopigiwa simu alipiga kelele mpaka Roswitha akaisogeza simu mbali na sikio. Alipomaliza, dada yake alimwambia kwa utulivu: "Sikiliza. 'Wewe' ya mlimani si yangu, naazimwa tu. Obergrein ningeshiba siku saba, halafu nirudi ngazini na njaa ileile, nimwone akifunga masanduku ya Bregenz. Mimi nataka aniite chini. Kwenye supu. Mahali ambapo hakuna mlima wa kumsukuma."

"Na asipokuita?"

"Asiponiita nitakuwa nimejua. Na yeye aende akapandie nyanya ziwani."

Nyumba ya wageni ya Sankt Koloman ilikuwa ya Afra Thalhamer, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kuvunja kuni, ambaye aliwajua wageni wake kwa namna walivyoning'iniza soksi. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye gari la waya ni mwendo wa kumaliza tufaha moja. Gari lenyewe lilikuwa vyumba vidogo vya vioo, watu wawili wanakaa wakitazamana, ski zinaning'inia nje, na katikati ya safari ya kupanda inapitwa nguzo yenye ubao wa manjano: MITA 1000.

Nguzo hiyo ndiyo iliyowatawala. Asubuhi ya kwanza waliingia kwenye chumba chao cha vioo na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, maana hakuna aliyetaka kuanza sentensi kwa ninyi na kuimalizia kwa wewe. Walitazama misonobari ikipita chini yao. Walitazama glavu zao. Ubao wa manjano ulipokuja na kupita, wote wawili wakalipuka pamoja.

"Umelalaje?"

"Wewe umelalaje? Mto ulikuwa mgumu?"

"Kama jiwe la mpaka!"

Na huko juu, lo! Roswitha aliteleza kama walivyofundishwa watoto wa zamani, magoti yamebanana, nyonga zikiyumba, suruali ya ski ya rangi ambayo haitengenezwi tena. Ottokar alipinda kona zake kwa uangalifu wa mtu aliyepima barabara za mkoa mzima, hadi alipokutana na kichuguu cha theluji akaenda kichwa mbele, ski moja huku, nyingine kule.

"Ottokar!" Roswitha alimwita kutoka juu. "Barabara zako zote zilikuwa na kona kama hiyo?"

"Zile zilikuwa na uzio!" akajibu kutoka ndani ya theluji. "Shuka unipe mkono, badala ya kusimama hapo kama mkaguzi."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali, shetani wewe!"

Alishuka. Alimpa mkono. Hata shetani, akiwa wa wewe, ni mtamu.

Jioni walishuka, ubao wa manjano ukapita, na kimya kikawaingia tena kama mgeni wa tatu kwenye kile chumba cha vioo. Mezani Bwana Lientscher alikuwa na tai. "Bibi Reisenhofer, mngeweza kunisogezea chumvi?" Bibi Reisenhofer aliweza. Afra, aliyekuwa akipita na sahani, alisimama katikati yao.

"Ninyi wawili mnanichanganya," akasema, na kwa sababu Afra huongea na wageni wote kwa sauti ya kuita mbuzi, chumba kizima kilisikia. "Asubuhi mnapanda mkiwa wanne, juu naambiwa mko wawili, jioni mnanirudia wanne tena. Niandae viti vingapi?"

Meza ya jirani walicheka. Bwana Lientscher akawa mwekundu kama kachumbari ya kabichi nyekundu. Roswitha akacheka kuliko wote, lakini kijiko chake kilikaa hewani kidogo kabla ya kurudi kwenye supu.

Wiki ikaenda hivyo, juu na chini. Siku moja wakishuka, Bwana Mhandisi alisema, akitazama nje, kwamba chumba cha Bregenz kina dirisha kubwa, na kwamba wakirudi Graz atamwandikia mwenye nyumba. Hakusema atamwandikia nini. Walikuwa chini ya nguzo, kwa hiyo Roswitha alijibu, "Mtafanya mnavyoona vyema."

Siku ya mwisho walikaa kwenye kibanda cha chakula cha juu, jua usoni, sahani moja ya ile chapati ya mayai, uma mbili. Roswitha aliweka wake chini.

"Ottokar. Kwa nini kule chini huniiti Roswitha?"

Alitazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini maji hayapandi mlima. "Kwa sababu hujanipa ruhusa."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mwanamke ndiye anayetoa. Mama yangu alinifundisha hivyo. Mwanamume anayeanza yeye ni mhuni. Nimesubiri miaka kumi na mmoja, Roswitha. Kila nikikuletea gazeti nilidhani, labda leo."

Roswitha alimgeukia. "Lakini wewe ni mkubwa kwangu! Na una cheo. Mkubwa ndiye anayetoa. Baba yangu alinifundisha hivyo. Mdogo anayeanza yeye hana adabu. Nimekuletea keki miaka kumi na mmoja nikidhani, labda leo!"

Walitazamana. Kisha Ottokar akaanza kutikisika mabega, na Roswitha akapiga meza kwa kiganja, na wakacheka mpaka watu wakageuza viti.

"Tumesimama mlangoni," alisema Roswitha akifuta macho, "tukiambiana tangulia, hapana tangulia wewe, hapana wewe, na ndani chakula kinapoa."

"Basi nipe sasa. Nipe hapa hapa."

"Hapa? Hapa nikikupa nitakuwa nakupa mali ya mlima." Alichukua kipande cha mwisho, cha sukari nyingi, akakila bila aibu. "Nitakupa chini. Kama utaweza kupokea."

Ottokar hakucheka tena. Alizungusha uma wake kwenye jamu. "Sijui kama nitaweza," akasema taratibu. "Kule chini mimi ni mtu mwingine. Miaka arobaini ya ofisi. Marehemu mke wangu pekee, na binti yangu, hao ndio niliowahi kuwaambia wewe bondeni. Tangu Elfriede afariki, ulimi wangu unavaa tai."

"Basi uvue."

"Unasema kama ni rahisi."

"Sijasema ni rahisi. Nimesema uvue."

Walishuka kwa gari la waya la mwisho. Ubao wa manjano ukaja, ukapita. Lakini Roswitha, ambaye siku zote alitazama misonobari, safari hii alimtazama yeye, moja kwa moja, mpaka chini.

Chakula cha jioni alivaa gauni la kijani alilolileta bila kumwambia Burgi. Alipita kwanza kaunta, akaomba vikombe viwili vidogo vya pombe kali ya peasi. Afra alivijaza hadi ukingoni bila kuuliza, jambo ambalo kwa Afra ni la kuandikwa ukutani. Supu ilikuwa tayari mezani, ile yenye vipande vyembamba vya chapati, inatoa mvuke. Bwana Mhandisi alisimama kumvutia kiti.

"Bibi Rei—"

Roswitha aliinua kiganja, kama anavyowazuia wanaotaka kushuka kabla tramu haijasimama. "Ngojeni kidogo."

Hakukaa. Aliweka kikombe kimoja mbele yake na kimoja mbele ya yule mwanamume mrefu, kisha akainua chake. Desturi yenyewe ni fupi. Anayetoa hutaja jina lake. Anayepokea, kama anapokea, hutaja lake, mikono inapishana viwiko, mnakunywa, mnabusiana shavuni, na tangu hapo hakuna kurudi. Graz kuna majirani wanaoshtakiana mahakamani kwa ajili ya ua wa bustani huku wakiitana wewe, kwa sababu waliwahi kunywa.

"Mimi," akasema, bondeni, chini ya mita elfu, kwa sauti ambayo kwa kawaida hujaza tramu nzima, "ni Roswitha."

Vijiko vya meza ya jirani vikanyamaza. Afra alisimama mlangoni mwa jikoni na taulo begani. Bwana Lientscher alikitazama kile kikombe kama mtu anayesoma kipimo asichokiamini. Muda ukaenda. Mvuke wa supu ukapungua, ukaisha. Utando wa mafuta ukatulia juu yake. Roswitha hakushusha kikombe.

Kisha mkono wa Bwana Lientscher ukapanda shingoni. Ukaishika tai. Ukaivuta, kwanza kidogo, kisha yote, na tai ikalala mezani kando ya mkate. Akachukua kikombe. Akasogeza kiwiko mbele. Na midomo yake, ambayo neno la "ninyi" huifungua kwa tabasamu la kiofisi, ikajikusanya polepole, ikatoka mbele, ikawa duara, kama herufi ya kwanza ya jina lake.

Afra anasema huenda alikuwa anataka kupuliza supu. Lakini niambie wewe, uliyekaa nasi mezani hadi sasa: ni mtu gani hupuliza supu iliyokwisha poa?